Mtutu Mweusi

Ikoma, Jumamosi, masika 1981

Nimechagua ule mweusi, na mke wangu bado amenuna.

Mtutu wa bunduki ya marehemu baba umelika, risasi haziendi tena ninapolenga. Leo fundi alituwekea mezani mitutu miwili. "Huu mweupe haushiki kutu hata ukiulaza mvuani," alisema. "Huu mweusi unataka mafuta kila siku."

Mke wangu aliuliza swali la haki. "Baba Nyangi, utaupaka nini? Hata mafuta ya kupikia dukani hakuna."

Nilikuwa nautazama ule wa zamani. Baba aliupaka mafuta ya kondoo kila jioni akitoka kuwinda. Nyumba nzima ilinuka, nasi tulijua amerudi salama. Ole wako uuguse kwa mkono wenye jasho! Mwaka alipougua ndipo alipoacha kuufuta, na alama ya kidole gumba chake imebaki pale kwa kutu, nzima.

Mweupe usingeitunza alama kama hiyo.

Sasa mtutu mpya uko magotini pangu, una jasho la mkono wangu tangu safarini. Kitambaa kipo. Baba angenizaba kofi.

Sijaufuta.