Dudumizi wa Kipawa

Mjukuu wangu Kalunde,

Marahaba, salamu zako nimezipokea. Shangazi yako amejifungua mtoto wa kike, wote wazima. Mie kupakua mizigo bandarini kumenichosha, lakini nipo.

Umeniuliza kwa nini ujanani sikurudi kwetu Tabora. Kweli nilitaka kurudi. Nilikuwa nimeuchoka mji, sina ndugu. Jirani yangu Shomari, Mzaramo, mtani wangu, akaniambia twende kwanza porini Kipawa tukawinde paa, ndipo nikapande gari moshi.

Tulitega wavu, tukakaa kimya kusikiliza, kama wawindaji wafanyavyo. Kiangazi kilikuwa kinaisha. Mara akalia dudumizi, ndege yule anayetangaza mvua. Machozi yakanitoka.

"Unalia nini, Mnyamwezi?"

"Huyo ndege ni wa kwetu."

"Mwizi mkubwa wee! Huyo Mzaramo. Kwenu alikwenda kutembea tu."

Tukacheka mpaka paa aliyekuwa anaujia wavu akageuka, akatokomea.

"Kitoweo umekifukuza," akasema Shomari. "Haya, gari moshi lako lini?"

"Ngoja mvua zinyeshe, nisikie na vyura wenu."

"Hao wana makelele kama Wanyamwezi."

Vyura niliwasikia. Masika yalipokwisha nikawasikia kanga majanini, na kila msimu ukanipa sauti yake. Namshukuru Mungu kwa masikio haya. Namshukuru na kwa Shomari, maana mwaka uliofuata aliniozesha dada yake. Ndiye bibi yako, na hapa alipo anakusalimu sana.

Babu yako,
Temeke