Nani Amekataa Dawa ya Mwanaidi?

Ijumaa, alasiri. Gongo la Mboto. Joto la kuvukuta, umeme umekatika tangu adhuhuri, na mie nimekasirika tangu asubuhi.

"Wanachama wetu hawakati rufaa kwa sababu wameridhika na maamuzi yetu." Hayo kayasema bwana mmoja wa bima ya afya redioni, kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Nilikuwa nanyoa ndevu. Nikajikata.

Si kweli, bwana. Hawakati rufaa kwa sababu rufaa inadai barua ya kukataliwa, na barua hiyo hamuitoi. Mgonjwa anachopewa ni neno moja tu, dirishani: "Imekataa."

Imekataa nini? Nani kakataa? Utadhani ni pikipiki iliyogoma kuwaka.

Mdogo wangu Mwanaidi ni fundi cherehani. Ana saratani ya damu, na tangu augue anaishi nasi hapa. Miezi mitatu iliyopita daktari bingwa alimwanzishia dawa mpya, kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni. Vipimo vikaanza kutengemaa, naye akarudi kwenye cherehani yake. Ijumaa iliyopita tulikwenda dirisha la bima hospitalini kuidhinishiwa vidonge vingine kabla vya nyumbani havijaisha. Binti wa dirishani akatazama kompyuta, akasema imekataa.

Hapa niungame. Mie ninayebishana na kila mtu, kuanzia mjumbe wa mtaa hadi wahariri wa magazeti, ambao siku hizi hawapokei simu zangu, nilimwambia yule binti "asante, mwanangu", nikamshika mdogo wangu mkono, tukaondoka.

Asante ya nini?

Ndivyo tulivyolelewa. Ukinyimwa kwa upole, unashukuru kwa upole. Jioni ile ile ndugu wakafungua kundi la michango kwenye simu, likajaa dua na ahadi. Ni watu wema, Mungu awalipe. Lakini wema huo ndio bima inaojificha nyuma yake, maana tukishaanza kuchangishana, hatudai tena. Siku tano zikapita hivyo.

Jumatano nikarudi dirishani peke yangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ile imekataa yenu naitaka kwa maandishi."

"Mzee wangu, sie huwa hatuandikagi. Mfumo ndo umekataa."

"Basi niitie huo mfumo, nije niongee nao."

Foleni ikacheka. Binti hakucheka. Nikatoa karatasi, nikaandika kwamba leo Jumatano, katika dirisha hili, nimeambiwa kwa mdomo kuwa Mwanaidi hatapewa dawa, nimeomba sababu kwa maandishi, nimenyimwa. Nikaipitisha chini ya kioo.

"Weka sahihi hapo chini."

"Jamani baba! Unataka nifukuzwe kazi?"

"Sitaki. Mpelekee huko ndani yule anayeweza kukufukuza."

Akaondoka nayo. Mama mmoja nyuma yangu, ameshika bahasha kubwa ya picha za eksirei, akanigusa bega. "Mwalimu, na mie niandikie kama hiyo. Sindano ya mume wangu imekataa mara ya pili sasa." Sijawahi kuwa mwalimu maishani mwangu. Nikamwandikia. Nikamwandikia na aliyemfuata. Nilikuwa kwenye karatasi ya nne barua ya kukataliwa ilipotoka ndani, na muhuri juu yake.

Sababu ilikuwa mstari mmoja: mgonjwa hajatumia kwanza dawa ya kawaida iliyomo kwenye orodha ya bima.

Niliusoma mara tatu nikiwa nimesimama. Mwanaidi alimeza hiyo dawa ya kawaida mwaka mzima na ushee, mpaka ugonjwa ukamrudia kwa kishindo. Na nani aliyeilipia? Wao wenyewe! Fomu za kila mwezi zimo kwenye jalada lake, zimegongwa muhuri wao.

Sipingi kuwepo kwa orodha. Mfuko ni wa wengi, dawa nyingine ni ghali mno, lazima mtu apange. Lakini anayepanga na asome. Hapa hakuna sheria iliyofuatwa wala utaalamu uliotumika. Kuna mtu ambaye hakufungua jalada, basi.

Leo asubuhi nimepeleka rufaa ofisini kwao mjini: barua yao, maelezo ya daktari, na nakala za fomu zao wenyewe. Wamepokea. Nikauliza kamati ya rufaa inakaa lini.

"Hukaa wajumbe wakitimia," akanijibu kijana mmoja, bila kuinua macho.

Nimerudi nyumbani nikamkuta Mwanaidi anakunja vitambaa vya wateja ili awarudishie bila kushona. Pembeni yake ile chupa ya dawa. Nikaitikisa. Vidonge vilikuwa vingi kuliko nilivyotarajia.

"Mwanaidi, unameza vingapi?"

Akaendelea kukunja.

"Kimoja," akasema. "Tangu ile Ijumaa. Ili visogee, kaka. Usinigombeze, nilidhani nasaidia."

Sikumgombeza. Nilitoka uani, nikampigia daktari. Daktari akavuta pumzi, akasema arudie viwili leo hii hii, na asirudie tena mchezo huo, kwa sababu dawa nusu inaufundisha ugonjwa kuishinda dawa nzima.

Amemeza cha jioni mapema, mbele yangu. Nimehesabu vilivyobaki. Vinaisha Jumatano asubuhi.

Kwa hiyo nawaandikia nyie, wajumbe wa kamati ya rufaa, na hasa nyie mliosomea udaktari na mnaojua vizuri kuliko mie siku moja bila dawa hii ina maana gani. Pigianeni simu kesho. Kaeni Jumatatu. Anzeni na jalada la Mwanaidi, mlisome ukurasa kwa ukurasa, na dawa yake iwe imetoka kabla ya Jumanne jioni.