Blanketi Jekundu Kwenye Picha ya Theluji

Dada mshauri, salamu kutoka Keran, naomba unisaidie kabla sijapasuka. Mimi napiga picha za mandhari, milima na theluji tu, na mto wetu ndio mpaka, huku India, kule Pakistan, simu hazivuki, na ng'ambo ndiko anakoishi Rehmati, dada wa bibi yangu, ambaye kila asubuhi hutandaza blanketi jekundu kwenye roshani ili bibi ajue bado yu hai. Sasa picha yangu moja imependwa mjini Srinagar, wanataka kuitundika kwenye maonyesho, lakini mwenye maonyesho kaniambia, "Tabinda, hilo doa jekundu linaharibu weupe, lifute," nami nikalifuta kwa kompyuta, nikachapa, nikampelekea bibi zawadi, maana macho yake siku hizi hayafiki ng'ambo.

Kaisogeza hadi puani. "Blanketi liko wapi?" Mara, "Yallah! Dada yangu ameniacha!" na kilio kikapigwa, majirani wakajaa, chai ya chumvi ikabandikwa ya matanga! Nikakimbilia picha ya awali. Loo, dada, alivyoibusu! Kanishika kichwa, "Mjukuu wangu, Mungu akulipe, umeniletea Rehmati ndani," nami nikalia kwa furaha, sijawahi kushukuriwa hivyo. Lakini Srinagar wanasema nisipofuta sina nafasi, na nafasi naitaka mno. Nifanyeje?

Tabinda

*

Tabinda, hiyo chai ya matanga imenichekesha, kisha nikafuta machozi. Asante kwa kuniandikia. Ila lazima nikukemee: mtoto wa Keran mzima, unafuta blanketi la mtu aliye hai? Huyo bwana wa weupe msamehe, hajui. Wewe unajua!

Usitume kitu bado. Nenda mtoni, inua picha juu, mpigie Rehmati kelele umuulize kama anaridhia roshani yake ionekane Srinagar. Nyumba ni yake, na ng'ambo nako kuna askari wenye macho. Akikataa, usibishane naye, usiipeleke, wala usifute tena. Akikubali, ipeleke na blanketi lake, umweleze yule bwana kwa kinywa chako ni la nani na la nini. Akiipokea, bibi awe wa kwanza kusimama mbele ya hiyo picha. Akiikataa, shukuru Mungu urudi nayo nyumbani, uitundike pale bibi anapofumbulia macho asubuhi.