Ruta ya Posa ya Ingrid

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Jumamosi familia ya Kalisa wanakuja kumposa Ingrid wetu. Furaha! Lakini neno la kumtoa ni la Mama, si la mtu mwingine. Dada alipofariki, Mama ndiye aliyemlea huyu mtoto kule Bwiza, Bujumbura. Sasa miguu yake imekataa safari. Basi atasema kwa video, sebuleni kwangu hapa Niboye, mbele ya watu wote. Leo tumejaribu — uso umeganda, mdomo wazi, sauti kama roboti. Mugenzi anasema niite fundi. Mume wangu huyu, hata rimoti inamshinda! Nimemwambia nitafanya mwenyewe. Amecheka. Acha acheke.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeingia kwenye setingi za ndani za ruta, kile kisanduku cha intaneti, zile wanazoonya usiguse kama hujui. Nimegusa. Kwanza nikaificha waifai majirani wasiione — nikaificha hata mimi mwenyewe nisiione! Yewe! Ikabidi nichokoe kile kitundu cha nyuma kwa kijiti cha meno, nianze upya. Halafu nikaona sehemu ya kuchagua kifaa kimoja kipite kabla ya vingine. Simu zote zimeandikwa kwa namba tu. Nikachagua moja, nikampigia Mama. Kaganda vilevile. Chumbani Mugenzi anashangilia mpira, eti leo picha kali ajabu. Kumbe nimempa yeye! Nimekasirika, kisha nikacheka mpaka machozi.

Ijumaa, 8 Agosti

NIMEWEZA! Simu ya Ingrid, ndiyo tutakayompigia Mama, ndiyo ya kwanza sasa. Chaneli ya waifai nimehamisha, maana majirani wote walikuwa wamesongamana na mimi kwenye moja. Wageni nimewawekea waifai yao pembeni, ya kubanabana — siku hizi kuna posa gani watu hawaulizi paswedi kabla ya fanta? Nikampigia Mama, binamu yangu Viateur anamshikia simu kule. Nimeona hadi uzi uliochomoka kwenye kitambaa chake cha kichwa! Ingrid kanirukia: mama mdogo, wewe ni fundi! Mugenzi anaomba nimfundishe. Nimemwambia apange foleni.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika haraka, chumbani, ruta iko mbele yangu. Nyumba imejaa, kila mgeni na simu yake, na Mama yuko kwenye televisheni anang'aa. Hajakwama hata mara moja! Nilikuwa natembea kifua mbele.

Msemaji wa kina Kalisa kaongea vizuri, makofi. Kisha akamuuliza: Mama, unatupatia binti yako?

Kimya.

Watu wakaanza: network! network! Mugenzi kanitupia lile jicho. Msemaji kasema tusubiri kidogo, imekatika. Ndiyo nimekimbilia huku.

Taa zote kijani. Simu ya Ingrid ni ya kwanza, njia safi. Na kabla sijatoka sebuleni nilimuona Mama anafumba na kufumbua macho. Pazia nyuma yake linapepea. Viateur alimnong'oneza kitu, Mama akausukuma mkono wake.

Haikukatika. Mama anatusikia vizuri kabisa.

Ingrid yuko mlangoni na gauni lake la sherehe, anauliza: mama mdogo, imerudi?