Msalaba Uliomwekea Mtu wa Jembe

Mpendwa baba,

Kamwene. Nakuandikia kutoka Ubaruku, katikati ya mashamba ya mpunga, ambako hakuna kilima hata cha kuegemeza macho. Umri wangu umeshaupita ule uliokufa nao, na bado sijakuambia jambo moja la siku ile ya kumchagua mbunge.

Unakumbuka mgambo walivyokuja kwetu mlimani. Walitangulia wawili wenye kopo la chokaa, wakachora msalaba kwenye mlango wa kila nyumba ya kuchomwa. Wa kwetu waliuchora wewe umekaa kizingitini. Ulipokataa kunyanyuka, mmoja alikupiga mdomoni kwa kitako cha bunduki, meno yako mawili yakabaki mavumbini. Kisha paa likashika moto, na mahindi ya darini yakaanza kulipuka kama bisi. Mbuzi aliyefungwa ndani alilia mpaka akanyamaza. Bwana aliyesimamia kazi ile hakushuka garini. Alisema tu, "Zenye msalaba zote ziishe leo."

Tukashushwa Nyololo, kando ya barabara, kwenye kijiji kipya cha ujamaa. Kaburi la mama likabaki kule juu peke yake.

Mwaka uliofuata ukaja uchaguzi. Chama kilisimamisha watu wawili, mmoja akapewa picha ya jembe na mwingine picha ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma achague. Mtu wa Jembe alikuwa bwana yule yule wa garini. Mtu wa Nyumba, mwalimu mstaafu, aliahidi kuwaombea wazee ruhusa ya kurudi kwenye mashamba na makaburi yao. Wewe hukutaka kingine duniani.

Mimi nilikuwa karani wa kituo. Ulikuja na koti lako la kanisani, na fundi mizinga ya nyuki, jirani yetu, akakutania mbele ya foleni nzima.

"Mzee, leo unapiga kura au unaoa?"

"Naoa," ulijibu kwa pengo lako. "Mahari nimeshalipa kwa meno."

Hata mgambo wa mlangoni alicheka.

Nikakupa karatasi na penseli, nikasema nilichoagizwa kusema: "Weka alama kwa mmoja tu." Ukauliza taratibu, "Huyo mmoja tu?" Nikajibu, "Huyo tu, baba."

Nilipotoka kunywa maji ulikuwa unanisubiri kando ya ukuta. "Nimemchora msalaba mtu wa Jembe," uliniambia, uso umekunjuka kwa mara ya kwanza tangu moto ule. "Wazee wote tumekubaliana. Na yeye aishe."

Nilielewa pale pale. Mlikuwa mmeonyeshwa kazi moja tu ya msalaba, nayo ilikuwa kuteketeza. Nusu ya wazee walikuwa bado kwenye foleni. Ningeweza kuwaeleza kwa Kihehe, kwa maneno matano. Nikamtazama mgambo na kitako cha bunduki yake, nikarudi kwenye kiti changu, nikaendelea: "Weka alama kwa mmoja tu."

Hukungoja matokeo. Kesho yake ulibeba jembe lako ukapanda mlimani, ukiamini bwana yule kwisha habari yake. Alikuwa ameshinda. Mgambo walikukuta unasimamisha nguzo za kibanda karibu na kaburi la mama. Fundi mizinga alikuteremsha amekufunga kwenye baiskeli yake, mbavu zimevunjika, na kila ulipokohoa ilitoka damu.

Siku ya tatu ulinishika mkono. "Si tulimwekea msalaba?"

"Mlimwekea, baba."

Ukafa ukidhani makarani walikosea kuhesabu.

Hatukukosea. Kura nilizihesabu mwenyewe, na kila msalaba wa Jembe nilijua una maana gani. Mwezi ule ule nilihama Nyololo, sijarudi, wala sijashika tena karatasi ya kura.

Tulikuzika kando ya barabara. Kama kuna anayekuuliza huko nani aliyekutenganisha na mama, usimtaje mtu wa Jembe peke yake.

Pumzika, baba.

Ni mimi, mwanao, niliyekupa penseli.