Msimrudishe Rose Elburgon

Kaka Barasa,

"Hata huko kwenu Uingereza, mwanamume akimfumania mkewe, akili zikamruka akaua, sheria inamwelewa." Hayo ni maneno yako ya Jumapili kwenye simu, na nimeyaandika ulivyoyasema usije ukadai nimekusingizia. Ni uongo. Najua umeuokota kwa rafiki yako wa Milimani, yule aliyesomea sheria mwaka mmoja akaishia kuuza ploti. Lakini uongo ukishauokota na kuuleta kwenye kikao cha familia, ni wako.

Hamjambo lakini? Mgongo wa Mama unavumilia baridi ya huko? Viazi vilitoka vizuri, au mvua iliviozesha? Mimi nipo, ila magoti yamechoka kuinua wazee wa watu kutwa nzima. Naandika kwa sababu kwenye simu hunikata kila nikifika penyewe. Dada mmoja wa kanisani anasafiri kesho, na ameahidi kukupa barua hii mkononi kabla ya Jumamosi mnayopanga kwenda Kabazi kumchukua Rose kwa wazazi wake na kumrudisha Elburgon kwa mumewe, mdogo wetu Wekesa.

Sasa nisikilize. Pale ninapofanya kazi nilikuwa na mwenzangu, Helen, mama mcheshi aliyenifundisha kuendesha gari. Alimwacha mumewe akahamia kwa dada yake. Baada ya muda alikubali kurudi nyumbani wazungumze yaishe. Hakutoka hai; mumewe alimuua. Kesi iliposikilizwa niliomba ruhusa kazini, nikakaa kwenye viti vya umma.

Wakili wa yule mume alisimama na hadithi yako, Kaka. Mteja wangu alishindwa kujizuia, alisema. Mke alimwambia ana mwingine, giza likamwingia. Huo ni utetezi ambao kweli upo kwa sheria yao, na nimeusoma mpaka macho yakauma. Haumwachilii mtu. Unamshusha tu kutoka kosa la mauaji hadi lile la chini yake, na jela bado anaenda. Na mlango wake ni mwembamba. Lazima awe alipoteza uwezo wa kujizuia kweli. Lazima awe na sababu ambayo sheria inaitambua: aliogopa kudhuriwa vibaya, au alitendewa au kuambiwa jambo zito mno, la kumfanya mtu aone, na awe na haki ya kuona, kwamba amedhulumiwa. Na lazima mtu wa kawaida wa umri wake na jinsia yake, mwenye uvumilivu wa kawaida, angeweza kufanya vivyo hivyo. Mkali kuliko watu wote hapimwi kwa ukali wake.

Na uzinzi? Sheria inasema waziwazi kwamba uzinzi peke yake hauhesabiwi. Mwambie huyo wa Milimani. Sheria ya zamani ilitaka hasira ya ghafla, nayo ikawabeba wanaume wepesi wa kupiga na kuwafungia nje wanawake waliopigwa miaka mingi wakiogopa kufa. Wakaibadilisha. Lakini anayeua kwa kisasi alichokitafakari, mlango haumfungukii kabisa.

Ndipo upande wa mashtaka ukaleta ujumbe wa simu. Siku kadhaa kabla ya kifo, mume alimwandikia ndugu yake: akinijibu vibaya tena, sitajizuia. Ndugu akamjibu: pole, tuliza moyo, nitakuletea mkeo mzungumze. Jaji aliamua kwamba utetezi ule hauna hata ushahidi wa kutosha kuwafikia wale raia kumi na wawili wanaotoa uamuzi. Wakampata na hatia ya mauaji. Kwao hapa hiyo ni kifungo cha maisha.

Yule ndugu alikuwa amekaa kando yangu. Huko nje kwenye korido nilimkuta ameegemea ukuta, akaniuliza, "Ulimfahamu Helen?"

"Tulikuwa tukifanya kazi pamoja."

"Mimi ndiye niliyemrudisha kwa gari langu," akasema. "Nilidhani yale ni maneno tu."

Nilimwacha pale ukutani, Kaka. Nilirudi nyumbani nikafungua simu, nikasikiliza upya sauti ambayo Wekesa aliweka kwenye grupu ya familia. Nyote mliisikia. Anasema, "Mkimrudisha na nisikie tena habari ya huyo jamaa wake, msiniulize nini kitatokea. Mtanisamehe tu." Nyuma yake msumeno wa kiwanda cha mbao anakofanya kazi unalia, kisha unazimwa, naye anaendelea polepole, kama mtu anayeagiza mbao. Ukamjibu, "Vumilia, mdogo wangu. Lakini ukiwakuta, hakuna mwanaume wa kukulaumu." Shangazi akaweka alama ya mikono ya maombi.

Mtu aliyepandwa na hasira hupiga kelele, hutukana, hulia. Huyu anatupa taarifa. Hasira inayojua siku yake inaitwa mpango, na sisi tumeupokea kwa amina. Usifikiri mahakama ya huko Nakuru ni laini zaidi. Sheria yetu bado inauliza kama uchokozi ulikuwa wa ghafla na kama damu ilipata muda wa kupoa. Mwenye kuahidi mbele ya watu wazima kumi na sita wa grupu ataapa vipi kwamba ilikuwa ghafla?

Jumapili nilipokueleza hivi ulicheka. "Wewe Nafula, wacha kelele ya vitabu. Boma haliwezi kukaa bila mwanamke. Tutabeba sukari na blanketi ya mama mkwe, tuombe msamaha, arudi. Ndivyo tumefanya siku zote."

"Na Rose mwenyewe amesema nini?"

"Rose atasema nini? Wazee wakishakubaliana ameridhika."

Hapo ndipo kosa letu lilipo. Tunakwenda kuombea msamaha mtu ambaye hajaomba. Tunabeba sukari kana kwamba ndiyo itakayolala naye chumba kimoja. Mila ile ilikuwa na maana pale wazee walipomkalisha mume kwanza, wakamtoa maneno yote tumboni. Nyinyi mmeruka hapo mmekimbilia blanketi. Na Rose akija, atakuja kwa kuwaamini nyinyi. Kwa Wekesa alishakimbia.

Nisalimie Mama, mwambie dawa ya mgongo iko kwenye mzigo unaokuja na barua hii. Nisalimie shemeji yangu, mke wako, ambaye najua anafikiri kama mimi lakini anaogopa kusema mezani. Watoto wa Wekesa waambie shangazi yao anawakumbuka.

Wewe Barasa, kama mkubwa wetu, na wewe Shangazi utakayesomewa barua hii, uliyechaguliwa kuwa msemaji wa safari hiyo: msiende Kabazi. Nendeni kwa Wekesa, wawili nyinyi, mchana, mkamwambie usoni kwamba mmemsikia, kwamba mtamlaumu, na kwamba mtasimama kortini dhidi yake. Kisha mpigieni Rose simu mmwambie abaki kwao.

Dada yako,
Nafula