Okei ya Mama wa Kwenye Televisheni

Kwa Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa pale dirishani, miguu juu ya kigoda kama daktari alivyoagiza, na si umeinama jikoni kama unavyopenda wewe. Magoti yanasemaje? Kifua kimetulia? Macho siyaulizii, maana najua utanijibu kwamba yanaona yanachotaka kuona. Mimi ni mzima, sina homa wala ugomvi mpya, isipokuwa mmoja, na huo ndio ulionishikisha kalamu. Ningepiga simu, lakini kwenye simu mimi na wewe hatuzungumzi, tunashindana.

Na wewe mdogo wangu unayemsomea Mama, soma yote, polepole, pamoja na yale yasiyokupendeza. Naijua tabia yako ya kuruka mistari ukiona unasemwa. Mama, akinyamaza ghafla mpige kofi la mgongoni. Moja tu.

Unakumbuka nilipokuja mara ya mwisho tulikaa sote mbele ya televisheni. Yale maandishi madogo ya chini huyaoni tena, na Kiingereza hukuwahi kuwa na muda wa kukipotezea. Kila mtu alipofungua mdomo ulikuwa unauliza amesema nini, na huyu kitinda mimba wako, vidole kwenye simu yake, alikuwa anajibu kwamba amesema okei. Mwanamume amefiwa, okei. Msichana ameachwa siku ya harusi, okei. Nyumba inateketea, okei. Mwishowe ukauliza kama watu wale walizaliwa na neno moja tu, na kama ni hivyo shule zao zinafundisha nini. Nilicheka mpaka machozi, lakini nilirudi huku na swali lako likiniwasha kama upupu.

Linaniwasha kwa sababu ndiyo kazi yangu siku hizi. Tangu gazeti linitimue, natafsiri tamthilia za kigeni ili waigizaji wetu waziseme kwa Kiswahili. Ndiyo, Mama, zile zile nilizoandika kwamba ni takataka ya kusafirishwa kwa meli. Bado naamini nyingi ni takataka. Ila nimegundua kwamba takataka ikisemwa kwa lugha yako mwenyewe, angalau unajua unachotupa.

Tuko chumba cha juu, nyuma ya duka la vioo. Kuta tumezivika magodoro ya zamani na trei za mayai ili sauti isirudi, kwa hiyo humo ndani kuna joto la tanuri na harufu ya usingizi wa watu wengine. Chini yetu kuna karakana ya milango ya chuma. Tukitaka kurekodi tunaning'iniza kitambaa chekundu dirishani, na fundi wa chini anazima mashine zake. Malipo yake ni kuambiwa hadithi imefika wapi. Siku mke mdogo alipotoroka na gari la mumewe, fundi aligoma kuzima chochote mpaka aambiwe kama alikamatwa.

Kituo cha televisheni kilituomba sehemu moja ya majaribio. Wakiipenda, tunapewa tamthilia nzima. Wakiikataa, chumba kinafungwa, kwa sababu kampuni haina kazi nyingine, na kila mmoja arudi alikotoka. Sasa mimi, Mama, nirudi wapi? Magazeti yote ya mji huu nimeshagombana nayo, na mawili nimegombana nayo mara mbili.

Mkubwa wetu tunamwita Bwana Midomo. Imani yake ni moja, kwamba neno la Kiswahili lazima likae ndani ya mdomo wa yule mtu kwenye picha, likianza anapoanza na kuishia anapoishia. Anatembea na kioo kidogo cha kunyolea ndevu, anakushikia usoni useme mstari wako huku ukijitazama. Tulipofika kwenye hizo okei akasema tusijisumbue, tuziache zilivyo. Alidai okei ni Kiswahili tayari, kwamba makondakta wanaisema, wahubiri wanaisema, na hata mimi juzi nilimwambia hivyo muuza chai. Tena midomo inalingana bila jasho. Nilitaka nini zaidi?

Nilimwambia kwamba neno linalofanya kila kazi ni kama yule fundi wa mtaani anayejiita fundi wa vyote. Anaziba bomba, anafungua redio, anang'oa jino, na akishaondoka maji yanavuja, redio inanguruma na shavu limevimba. Nikamwambia kama mama yangu atasikia okei, okei, okei kama anavyosikia sasa, basi sisi tumemfanyia nini? Akanijibu kwa upole kwamba hayo maneno ni matamu sana, niyaandike gazetini. Kisha akajishika paji la uso, akasema ah, alikuwa amesahau.

Kikombe kilikuwa karibu na mkono wangu. Namshukuru Mungu kilikuwa na chai yangu na nilikuwa bado naitaka.

Nikaamua kumshinda kwa kazi. Nikazifuata okei zile moja moja, kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Daktari anapoingia na faili mkononi, okei yake nikaiandika "Haya, tuone." Mtoto ameanguka kwenye ngazi, baba anakimbia akiuliza okei, hapo ni "Umeumia?" Mwizi ameelekezewa bunduki, anarudi nyuma viganja hewani, okei, okei, na huyo akasema "Jamani, jamani!" kama mtu yeyote mwenye akili. Kuna mahali shoga anamuuliza mwenzake mume mpya yukoje, naye anabetua mdomo anasema okei. Nikaandika "Yupo yupo tu," na Shangazi akacheka hadi tukarekodi upya. Shangazi ndiye mwigizaji wetu mkubwa, aliigiza michezo ya redio miaka mingi, na kila mtu anamwita hivyo hata wanaomzidi umri. Chakula cha mama mkwe kilikuwa okei pia. Hicho nikasema "kinalika."

Lakini kadiri nilivyoendelea, likajitokeza jambo lililoniudhi. Nilikuwa nimeshaanza makala ya kuwasuta Waingereza na umaskini wao wa maneno, na makala ilikuwa tamu. Halafu nikafumba macho, nikawasikiliza wale watu bila picha. Mama, okei zile hazifanani hata kidogo! Moja inapanda, nyingine inadondoka kama jiwe kisimani, nyingine inatoka nusu, nusu inabaki kooni. Wenyewe wanaelewana vizuri sana. Maana wameiweka kwenye sauti, na sisi tulikuwa tunaitafuta kwenye herufi. Makala nimeichana. Mdogo wangu, usishangilie, ni moja tu.

Ikabaki okei ya mwisho. Binti mkubwa anampigia mama yake simu kutoka mji wa mbali, anamwambia amefukuzwa kazi, mwenye nyumba anamtaka ahame, na tafadhali baba asijue. Mama yuko jikoni. Anasikiliza mpaka mwisho. Anasema okei, anageukia jiko, anazima moto. Picha inakatika hapo.

Tulijaribu "Sawa," ikawa kama wamekubaliana bei ya nyanya. "Haya" ilimfungia binti mlango usoni. "Basi" ikawa hukumu ya mahakama. Niliandika "Nimekusikia, mwanangu," na Bwana Midomo akasema sentensi imemaliza na mdomo wa yule mama bado haujui kama imeanza. Tukagombana mpaka fundi wa chini akapiga kelele kuuliza kama kile kitambaa ni cha kurekodi au ni cha vita. Ilikuwa siku ya mwisho, kesho yake watu wa kituo wanakuja, na sehemu yote ingeishia kwenye neno ambalo hatukuwa nalo.

Ndipo Shangazi akavua visikilizio vyake, akavitupa mezani, akauliza huyu ni mama gani anayejibu kama karani wa posta. Akanigeukia mimi. Akasema eti wewe mwenye maneno, uliposukumwa nje ya gazeti lako ukampigia mama yako, yeye alisema nini?

Nilifungua mdomo nimjibu kwa ukali, nikakuta ukali umeisha. Kwa sababu wengine wote siku ile walinisema. Kaka alisema ulimi wangu utanilaza njaa. Mjomba alisema aliyajua zamani. Kwako wewe nilisikia sufuria inafunikwa, halafu ukauliza, "Umekula?"

Nikawaambia. Kisha Bwana Midomo akatoa kioo chake, maana yeye hata kwenye msiba angekitoa. Akajitazama akisema u-me-ku-la, u-me-ku-la, akatikisa kichwa. Midomo inagusana katikati, alisema, na ya yule mama haigusani. Haiwezekani. Hapo fundi sauti wetu, mtu ambaye hasemi ila akiulizwa, akasema bila kuinua kichwa kwamba yule mama anaanza tu kufungua mdomo akiwa ametutazama, na mwanzo huo ni wa mviringo, kama wetu. Kinachofuata chote anakisema ameshageukia jiko. Mgongo hauna midomo, bosi.

Tukarudisha picha. Kweli, tunaona bega na mkono unaozima moto. Nafasi ilikuwepo tangu mwanzo.

Shangazi akaingia kusema mstari ule, akausema vizuri mno. Ilikuwa sauti ya redio, imenyooka na kung'aa, kama malkia anayeulizia karamu. Akajaribu tena, na tena, kisha akakataa. Alisema kuna mistari ambayo mwigizaji anaivaa na kuna mistari inayomvua, na huu si wake. Mwishowe ulirekodiwa. Na nani, subiri kidogo.

Kesho yake wakaja watu wa kituo, wakiongozwa na mama mmoja mkubwa wa vipindi, mwenye miwani na uso usiotoa siri. Akatazama sehemu yote mikono kifuani. Kwa mwizi hakucheka. Kwa mume wa yupo yupo tu, pembe ya mdomo ilicheza kidogo, ikarudi mahali pake. Ilipofika simu ya binti, akaomba irudishwe. Akaomba tena. Akasema kwa baridi kwamba yeye Kiingereza anakijua, na yule mwanamke kasema okei. Hakuuliza habari ya chakula. Je, hapa tunatafsiri au tunatunga?

Nilivuta pumzi nimrukie. Unanijua. Lakini kabla sijaruka, Bwana Midomo alishasimama. Huyo huyo mwenye kioo! Akasema kwamba ni kweli, neno si lile, lakini mama ni yule yule. Akasema okei ya yule mama ina hofu ndani yake na haitaki binti aisikie, na kwetu hofu ya namna hiyo hujificha nyuma ya chakula. Akamwambia kama tungeacha okei, midomo ingelingana na mama angepotea, na yeye ndiye anayesema hayo, ambaye midomo ndiyo ugali wake. Nilimtazama kama mtu aliyeona mbuzi akisoma gazeti. Tangu siku ile namwita Bwana bila kukaza meno.

Yule mama mkubwa alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akauliza, kama mtu ambaye swali limemtoroka:

"Sasa huyo binti, alikuwa amekula au hajala?"

Shangazi ndiye aliyeangua kicheko kwanza. Tukajua tumepata. Tamthilia nzima ni yetu, Mama, na chumba hakifungwi. Fundi wa chini alipewa habari kupitia dirishani, akajibu kwa kugonga mlango wa chuma kwa nyundo mpaka duka la vioo likalalamika. Sharti lao ni moja, kwamba sauti ya yule mama wa jikoni isibadilishwe mpaka hadithi iishe.

Na hapa ndipo ninapokuja kwako mikono nyuma. Sauti ile ni yangu. Shangazi alinisukuma ndani ya kile chumba cha magodoro, akafunga mlango, akasema sema alivyosema. Mimi si mwigizaji, nilifanya lile moja ninaloweza. Niliiga sauti yako, ile ya chini, inayojifanya imeshughulika na jambo jingine. Nimeichukua bila kukuomba. Utakapowasha televisheni utajisikia ukizungumza kutoka kwenye mwili wa mwanamke wa kigeni mwenye jiko la vioo, na sitaki ushtuke ukadhani umekufa.

Tena nikupe wewe jibu la swali la yule mama wa kituo. Siku ile uliponiuliza kwenye simu nilikujibu kwamba nimekula wali. Nilikuwa sijala tangu jana yake. Nadhani ulijua, maana jioni yake jirani yangu aligonga mlango akiwa na sahani ya chakula, akashindwa kueleza nani kamwambia.

Basi nipe radhi niendelee kuwa wewe. Ukisikia nimekosea, nitumie salamu za kunikosoa, nami nitarekebisha sehemu zinazokuja. Tayari nimekwama. Mama wa jikoni analetewa mkwe asiyempenda, anamtazama juu hadi chini, anasema okei. Nilitaka kukuuliza wewe ulisema nini nilipokuletea yule mume wangu wa kwanza. Usijibu. Nimekumbuka, na kituo hakiwezi kuyarusha hewani.

Msalimie Kaka, mwambie ulimi umepata ajira. Mjomba naye mwambie hili hakulijua zamani. Mdogo wangu, nakushukuru kwa kusoma mpaka hapa. Mwezi ujao ukianza umeachiwa huru, Mama hatakuuliza tena amesema nini. Utaulizwa mengine. Na wewe Mama, rudisha miguu kwenye kigoda, najua umeishusha.

Ni mimi mwanao,
Kidomodomo